Je, maili 200 za bahari ni sehemu ya nchi?

Meli ya mizigo yenye bendera ya Panama inapita maili 150 kutoka Mombasa. Haijaomba kibali cha Kenya wala haina nia ya kutia nanga huko. Imevunja sheria? Hapana. Ndege ya kigeni ikipita juu yake? Haina kosa. Kampuni ya nje ikilaza waya wa intaneti kwenye sakafu ya bahari pale pale? Inaruhusiwa. Sasa tuseme meli hiyo ni ya uvuvi, na imeshusha ndoano bila leseni ya Kenya. Mambo yamegeuka: maofisa wa doria wanaweza kuipanda, kuipekua, kuikamata na kuipeleka bandarini mbele ya hakimu.

Bahari ni ile ile na maili ni zile zile. Kilichobadilika ni kile anachofanya mwenye meli. Kwa hiyo jibu fupi ni hapana: zile maili 200 tunazozisikia mara kwa mara si sehemu ya nchi. Nchi ina haki juu ya vilivyomo. Mahali penyewe hapako chini ya enzi yake, yaani mamlaka yake kamili ya kutawala.

Dhana ya kwamba huko ni kwetu kama Tanga au Kilifi kulivyo kwetu, tofauti ikiwa maji tu, imeenea sana na haikuzuka hivi hivi. Ramani nyingi huupaka ukanda huo rangi na kuuzungushia mstari, na mtu akiona mstari kwenye ramani husoma mpaka. Kisha kuna habari za meli kukamatwa. Machi 2009 meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari ya Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Samaki wale wakagawiwa, na mtaani wakaitwa "samaki wa Magufuli", kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Aliyekula au kusikia habari za samaki wale alikuwa na hoja rahisi: kama si kwetu, tumewakamataje?

Tumewakamata kwa sababu ya samaki, si kwa sababu ya mahali. Na sheria iliyoruhusu kukamata ndiyo hiyo hiyo iliyoweka masharti ambayo nchi isingewekewa ndani ya ardhi yake. Ibara ya 73 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari inataka meli iliyokamatwa na mabaharia wake waachiwe haraka pindi dhamana ya kuridhisha inapowekwa. Inasema pia kwamba adhabu ya kukiuka sheria za uvuvi katika ukanda huo isiwe kifungo, isipokuwa nchi husika ziwe zimekubaliana vinginevyo. Mwizi wa ng'ombe Dodoma hana bahati hiyo. Kesi ya Tawariq yenyewe iliishia vibaya kwa upande wa mashtaka: Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Maili ya baharini ni mita 1,852. Kuanzia pwani hadi maili 12, yaani kama kilomita 22, ni bahari ya kitaifa. Huko nchi ina enzi kamili, juu angani na chini sakafuni, ila inapaswa kuziachia meli za kigeni njia ya kupita kwa amani. Baada ya hapo hadi maili 200, yaani kilomita 370 hivi, ni Ukanda wa Uchumi wa Bahari. Mkataba ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, na ukaanza kutumika mwaka 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, Kenya mwaka 1989.

Tanzania ina kisa ambacho peke yake kingetosha kuimaliza ile dhana. Mwaka 1973 ilitangaza kwamba bahari yake ya kitaifa inafika maili 50. Mwaka 1989 ikatunga sheria mpya iliyoipunguza hadi maili 12 na papo hapo ikajitwalia ukanda wa uchumi wa maili 200. Kama vitu hivi viwili vingekuwa vya aina moja, hesabu hiyo isingeeleweka: nani apunguze na kuongeza kwa sheria moja? Ukweli ni kwamba Tanzania iliachia enzi juu ya maili 38 na kupata haki za uchumi katika maili 200.

Tofauti ya enzi na haki inaonekana vizuri kwenye minazi. Katika sehemu nyingi za pwani yetu, Unguja na Pemba zikiwemo, mtu anaweza kuwa na minazi katika shamba ambalo si lake. Ameirithi au ameipanda kwa idhini, na nazi zake ni zake. Akimkuta mtu juu ya mnazi anaangua bila ruhusa, ana haki ya kumshusha na kumshtaki. Lakini hawezi kumzuia mpita njia kukatiza chini ya minazi, wala kumfukuza aliyeketi kivulini, wala kudai ushuru kwa sababu tu mtu ameonekana pale. Haki yake inafuata mti. Haienei kwenye udongo.

Katika Ukanda wa Uchumi nchi ya pwani ndiyo mwenye minazi. Ibara ya 56 ya Mkataba inaitajia mali yake moja moja: samaki na viumbe wengine, mafuta na gesi na madini ya chini, hata nishati inayotokana na maji, mikondo na upepo. Inaipa pia mamlaka juu ya visiwa vya kutengenezwa, utafiti wa kisayansi na kulinda mazingira ya bahari. Ibara ya 58 inawaachia wapita njia vyao: kusafiri, kuruka juu, kulaza nyaya na mabomba.

Mfano huu unapwaya mahali pawili. Kwanza, chini ya minazi kuna mwenye shamba. Chini ya ukanda wa uchumi hakuna dola yenye enzi. Pili, na hapa ndipo utunzaji wa mazingira unapoingia, mwenye minazi anaweza kuiacha ikauke na asiulizwe. Nchi ya pwani haikupewa uhuru huo. Ibara ya 61 inaitaka ipange kiasi cha samaki kinachoweza kuvuliwa na kuhakikisha samaki hawamalizwi. Ibara ya 62 inakwenda mbali zaidi: kama nchi haina uwezo wa kuvua kiasi chote ilichopanga, iwape wengine nafasi ya kuvua kinachobaki, kwa makubaliano. Anayeamini kwamba maili 200 ni nchi atashangaa kusikia kuwa sheria inamtaka mwenye nyumba awakaribishe wageni kwenye chungu akishindwa kukimaliza.

Ibara hiyo isisomwe kwa ukali mno, hata hivyo. Nchi yenyewe ndiyo inayopanga kiasi, na ibara ya 297 haiilazimishi kukubali kupelekwa mahakamani kuhusu uamuzi huo. Ikipanga kiasi kidogo hakuna ziada, na mlalamikaji anabaki na upatanishi usiofunga mtu. Wajibu upo, ila meno yake ni machache.

Na kwa nini 200, isiwe 150 au 300? Hapa hakuna siri kubwa ya sayansi. Mwaka 1945 Rais Truman wa Marekani alitangaza kwamba mali za sakafu ya bahari inayopakana na nchi yake ziko chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Chile ikafuata mwaka 1947 kwa kutaja maili 200, mwaka huo huo Peru nayo ikataja, na mwaka 1952 Chile, Ecuador na Peru zikatoa tamko la pamoja. Wapo wanahistoria wanaosema wanasheria wa Chile, wakisukumwa na wenye biashara ya nyangumi, walitafuta mfano wa kuegemea na wakaupata kwenye ramani ya ukanda wa usalama uliotangazwa Panama mwaka 1939 kwa ajili ya vita, ambao mbele ya pwani ya Chile ulionekana kuwa na upana wa kama maili 200. Ikiwa ndivyo, namba inayotawala sehemu kubwa ya uvuvi wa dunia ilikisiwa kwa jicho kwenye ramani ya mambo mengine kabisa.

Namba ilitoka huko, lakini wazo la kuzitenganisha haki na enzi lina mkono mkubwa wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mvutano: baadhi ya nchi za Amerika Kusini zilitaka maili 200 ziwe bahari ya kitaifa kabisa, nchi zenye meli nyingi zikitaka bahari ibaki wazi karibu na pwani. Kenya, kupitia mwanasheria wake Frank Njenga, ilipeleka pendekezo la ukanda wa uchumi kwenye kamati ya sheria ya nchi za Asia na Afrika iliyokutana Colombo mwaka 1971, na mwaka uliofuata kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikishughulikia sakafu ya bahari. Nchi za pwani zipate mali, wasafiri wabaki na njia. Kwa hiyo Mkenya anayesema maili 200 ni ardhi ya Kenya anapingana na hoja iliyoipatia nchi yake maili hizo.

Mbishi mwenye Katiba mkononi bado hajaishiwa. Atafungua Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, na kusoma kwamba ardhi ya umma ni pamoja na bahari ya kitaifa, ukanda wa uchumi na sakafu ya bahari. Ibara ya 260 inaongeza kwamba ardhi maana yake ni pamoja na maji ya bahari yaliyo ndani ya maeneo hayo. Ardhi! Lakini arudi nyuma hadi ibara ya 5, inayosema Kenya ni nini. Pale zimetajwa ardhi ya nchi na maji yake ya kitaifa. Ukanda wa uchumi haumo. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 2, inaishia kwenye sehemu ya bahari inayopakana na nchi, bila kutaja maili hata moja.

Ibara hiyo ya 62 ya Katiba ya Kenya haisemi na nahodha wa Panama. Inasema na serikali ya Kenya, na inachoiambia ni kwamba mali iliyopewa na sheria ya kimataifa inaishika kwa amana ya wananchi. Hili Mkataba wa Bahari hauligusi. Mkataba unaipa nchi haki, na ibara ya 192 inazibebesha nchi zote wajibu wa kulinda mazingira ya bahari. Ibara ya 193 inazifunga pamoja: haki ya kuvuna mali za asili itumike kwa kufuata wajibu huo wa kulinda. Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, yenye makao Hamburg, ilitoa maoni ya ushauri kwamba hata gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari kwa mujibu wa mkataba. Ni maoni ya ushauri, hayana nguvu ya hukumu, na nchi bado zinabishana yanadai nini hasa. Lakini katika yote hayo wanaoshtakiana ni mataifa. Mvuvi hana kiti.

Kiti chake kiko kwenye katiba ya nchi yake, na si kila katiba inampa kwa upana ule ule. Ya Tanzania ya 1977 haitaji haki ya mazingira safi kwa jina. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya asili, na haki yenyewe ilibidi mahakama iitoe ndani ya haki ya kuishi, kama Mahakama Kuu ilivyofanya mwaka 1988 katika kesi ya dampo la Tabata, Dar es Salaam. Kenya imeandika waziwazi. Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 2 inaingiza mikataba iliyoridhiwa ndani ya sheria za nchi, Mkataba wa Bahari ukiwemo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wakazi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Wavuvi wa Lamu walikuwa na hasara ya kuonyesha. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya haikuhitaji hata hiyo: anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara au ameumia. Mfugaji wa Turkana ambaye hajawahi kufika pwani anaweza kuishtaki serikali kwa uharibifu ulio maili 180 ndani ya bahari, mahali ambapo meli ya Panama inapita bila kuulizwa jina.