Tiba ya oksijeni ya shinikizo na kidonda cha mguu wa mgonjwa wa sukari

Tiba ya oksijeni ya shinikizo, ambayo madaktari huiita pia tiba ya haipabariki, ni matibabu ambamo mgonjwa huvuta oksijeni tupu akiwa ndani ya chumba kilichofungwa kabisa, huku shinikizo la hewa likiwa limepandishwa hadi mara 2 au 2.5 ya lile la usawa wa bahari. Hewa ina uzito ingawa hatuuhisi: Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, ina shinikizo pungufu ya lile la Mombasa kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Msafiri anayeshuka kwa basi kutoka Kabale kuelekea Mbarara huyasikia masikio yakiziba, akameza mate ili yazibuke; mgonjwa naye hupatwa na hali hiyohiyo, kwa nguvu zaidi, chumba kinapoanza kujazwa.

Wengi hudhani kwamba gesi hiyo hupulizwa juu ya kidonda. Sivyo. Huingia kwa mapafu na kusafiri kwa damu, na humo ndimo zilimo nguvu za tiba hii pamoja na mipaka yake. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, chembe nyekundu huwa tayari zimebeba oksijeni kwa takriban asilimia 97, mfano wa teksi ambayo abiria 14 wamekwisha kuketi (tuseme dereva anafuata sheria); kuongeza abiria kituoni hakuongezi wanaosafiri. Shinikizo hufungua njia nyingine, yaani maji ya damu yenyewe, kwa sababu gesi ikishinikizwa zaidi huyeyuka zaidi katika kimiminika. Tukivuta hewa ya kawaida, mililita 100 za damu huwa na mililita 0.3 hivi za oksijeni iliyoyeyuka. Oksijeni tupu kwa shinikizo mara 3 huifikisha karibu mililita 6, kiasi kinachokaribia kuutosheleza mwili uliotulia. Mwaka 1960, daktari Ite Boerema wa Amsterdam alichapisha majaribio ambamo nguruwe walioondolewa karibu chembe zote nyekundu waliendelea kuishi katika chumba cha namna hiyo.

Sasa tuutazame mguu. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huitia ganzi mishipa ya fahamu na kuibana mishipa ya damu, hata mchuuzi anaweza kutembea sokoni kutwa nzima na msumari uliopenya lugabire yake, yaani kiatu cha mpira wa tairi, asijue mpaka jioni anapoona soksi imelowa damu. Jeraha hilo hukosa oksijeni wakati linapoihitaji sana, kwa kuwa chembe nyeupe huitumia kuua bakteria, na mwili huihitaji ili kutengeneza nyuzi za nyama mpya. Oksijeni nyingi ya mara kwa mara huchochea pia kuota kwa mishipa midogo ya damu, na ndiyo sababu kipindi kimoja hakitoshi: kwa kawaida mgonjwa huingia chumbani kwa dakika 90 hadi 120, siku 5 kwa wiki, mara 20 hadi 40.

Kabla ya kuingia hupimwa sukari, maana inaweza kushuka akiwa ndani. Huvaa nguo za pamba, huacha simu nje na hapaki mafuta mwilini, kwa sababu penye oksijeni nyingi cheche ndogo huwa moto mkubwa. Madhara ya kawaida ni maumivu ya masikio na kutoona mbali kwa muda; degedege hutokea kwa nadra, na mwenye hewa iliyovujia nje ya pafu haruhusiwi kuingia kabla ya kutibiwa.

Ushahidi haukubaliani. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010, uliokuwa na wagonjwa 94, uliwaweka wote katika chumba kilekile, baadhi wakivuta oksijeni na wengine hewa ya kawaida. Baada ya mwaka, vidonda vilifunga kwa asilimia 52 ya kundi la kwanza na 29 ya kundi la pili. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 120 ambao miguu yao ilikosa damu ya kutosha, haukuonyesha tofauti ya uhakika. Kwa maoni yangu hili halipaswi kushangaza, kwani oksijeni iliyoyeyuka bado husafiri kwa mshipa, na mshipa mkubwa ukiwa umeziba, mahali pa kwanza pa mgonjwa ni kwa mpasuaji wa mishipa.

Kwa hiyo tiba hii huongezwa juu ya matibabu ya msingi, wala haishiki nafasi yake: kuondoa nyama iliyokufa, kutibu maambukizi, kudhibiti sukari na, jambo linalowashinda wengi wanaotegemea kazi ya kusimama, kuupunguzia mguu uzito wa mwili. Nchini Marekani, bima ya serikali ya wazee, ambayo huilipia tangu mwaka 2003, hutaka kidonda kiwe kimefika ndani kabisa, kwenye jipu au mfupa, na kiwe kimehudumiwa kwa njia za kawaida kwa siku 30 bila dalili ya kupona. Hata baada ya tiba kuanza, kidonda hukaguliwa angalau kila baada ya siku 30, na kisipoonyesha mabadiliko malipo hukoma.