Wanne tu kikosini: nani wa kutembea naye na nani wa kumpenda katika Baldur's Gate 3

Mara ya kwanza kucheza Baldur's Gate 3, gemu ya safari na vita, nilimwacha Karlach, mmoja wa wenzako wa safari, kambini karibu gemu nzima. Sikuwa na ugomvi naye. Nafasi zilikuwa zimejaa tu. Mimi nilikuwa mchawi, Lae'zel wa kupigana mbele, Shadowheart wa kutibu, Astarion wa kufungua kufuli. Mpiganaji, kuhani, mwizi, mchawi: ndivyo nilivyofundishwa kwenye meza ya gemu ya kuigiza wahusika iitwayo Dungeons & Dragons, na ndivyo nilivyowafundisha wengine miaka yote niliyoongoza meza hiyo. Kila nikipita kambini Karlach ananichangamkia, nami namwambia baadaye. Gemu ikafika mwisho, na mambo yake yakaishia mbele ya macho yangu pale bandarini. Nikajikuta nimesimama kama mtu aliyekwenda msibani kwa jirani asiyemfahamu: unajua imekupasa uhuzunike, lakini huna la kukumbuka.

Tangu siku hiyo nimeimaliza mara tano nyingine, na wanaoniuliza "kaka, nichukue nani?" siku hizi nawajibu tofauti. Usichague kwa fani. Chagua mtu unayetaka akuone unavyoishi.

Si maneno ya hisia tu, gemu yenyewe imeundwa hivyo. Larian Studios, wenye makao yao Ghent huko Ubelgiji, waliitoa Agosti 2023 baada ya kuiuza ikiwa haijakamilika tangu Oktoba 2020, na kanuni zake zimejengwa juu ya toleo la tano la Dungeons & Dragons. Unaanza ukiwa mateka kwenye meli ya viumbe waitwao illithid, kiluwiluwi kapenyezwa nyuma ya jicho lako, na wengi wa utakaokutana nao njiani wana kiluwiluwi kama huyo. Kikosi ni watu wanne, na mmoja ni wewe. Nafasi tatu zinagombewa na watu kumi: sita wenye hadithi ndefu tangu mwanzo (Astarion, Gale, Karlach, Lae'zel, Shadowheart na Wyll), kisha Halsin, Minthara, Jaheira na Minsc wanaokuja baadaye, kila mmoja kwa masharti yake.

Sasa kuna Withers. Huyu ni mzee mkavu wa mifupa mitupu unayemfufua kaburini, naye anahamia kambini kwako bila kuulizwa. Ukimpa vipande 100 vya dhahabu, anambadilishia mtu yeyote kikosini fani na uwezo wake tangu leveli ya kwanza. Vipande 100 katika gemu hii ni hela ya mboga. Shadowheart, kwa mfano, anakuja akiwa kuhani wa njia ya hila, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote alizoweza kupewa. Mimi humhamishia njia ya nuru kabla hata hatujakauka maji ya ufukweni. Ukitaka Karlach awe mwanamuziki, haya. Ukitaka Wyll ndiye afungue kufuli, haya pia. Fani ni nguo, inavuliwa. Kinywa cha mtu, aibu zake, anachokichukia na anachokiogopa havibadiliki hata ummwagie Withers gunia zima la dhahabu.

Kwa hiyo mahitaji ya vita niyamalize haraka: awepo mmoja wa kusema na watu, mmoja wa kutibu, mmoja wa kuumiza kwa mbali na mmoja wa kupokea vipigo. Anaweza kuwa yeyote. Leveli zinaishia 12 na gemu haikudai zaidi ya hapo, labda ukiwa kwenye ugumu wa juu kabisa.

Ninachotaka tukikalie ni ukaribu. Kila ukitenda jambo, maandishi madogo yanapita kwenye skrini: Astarion kapendezwa, Wyll hakupendezwa. Hizo ni alama, na zinahesabiwa kimyakimya. Lakini mara nyingi zinampata aliyekuwapo tu. Ukimwokoa mtoto wa tiefling, wale watu wenye pembe na damu ya kuzimu, na Karlach yuko kambini amelala, kwake hukumwokoa mtu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimeona watu wanalalamika kwamba fulani "hana mapenzi", kumbe wamemburuta safari mbili tu, tena za kupigana na buibui.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hulikosa kabisa: kulala. Mazungumzo makubwa, ugomvi, busu, mtu kukufuata usiku na siri yake, yote hutokea ukipiga kambi usiku mzima. Sasa hadithi inakutisha tangu mwanzo kwamba kiluwiluwi atakugeuza zimwi ndani ya siku chache, basi mtu anakimbia mbio halali. Usikimbie. Saa hiyo haipo. Yapo mambo machache yasiyosubiri, kama nyumba ya wageni ya Waukeen's Rest inayowaka moto: ukilala baada ya kuikuta, unaamkia majivu. Mengine yatakungoja. Usiku mmoja unakula akiba 40 ya chakula kwa ugumu wa kawaida na 80 kwa ugumu unaofuata, na chakula kimejaa kwenye kila pipa. Usiposhiba usingizi, matukio yanapangana foleni, mengine yanapitwa na wakati, na mtu uliyemtamani anabaki anakuzungumzia kama mfanyakazi mwenzako.

Mchanganyiko nao una siasa yake. Wyll anataka ushujaa, Astarion anacheka ukimpa maskini sarafu. Lae'zel hana muda na anayebembeleza. Shadowheart anakupenda zaidi usipomchimba, na yeye na Lae'zel wako tayari kuchinjana usiku wa mapema tu. Halafu kuna lile chaguo la msituni: ukisimama na Minthara na goblini wake kuwashambulia wakimbizi wa Emerald Grove, makazi ya msituni, Wyll na Karlach wanakuacha, na Halsin humpati. Hakuna maneno matamu yatakayowarudisha. Mimi hupenda kikosi chenye angalau mtu mmoja wa kunipinga. Watatu wanaokuitikia amina kwa kila ufanyalo wanachosha kabla hujafika nusu ya safari. Mmoja akinung'unika ndipo uamuzi wako unapata uzito, maana kuna anayeulipia.

Tuje kwenye mapenzi, ambako ndiko makosa makubwa yaliko.

Watu wanadhani mapenzi ni hesabu: jaza alama, upate busu. Alama zinafungua mlango tu. Ilipotoka 2023 hata mlango huo ulikuwa na hitilafu, alama zilizotakiwa zilikuwa chache mno, na nakumbuka nilimsikiliza Gale kwa adabu somo moja la uchawi chini ya nyota, mara ananitazama kama mtu aliyekwishapeleka posa. Masasisho yakarekebisha. Lakini kinachoamua penzi lenyewe ni matukio machache, na gemu haikwambii kwamba hili ndilo.

Chukua la Astarion. Huyu ni mnyonya damu, mumiani wa kizungu mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa mtumwa wa bwana wake Cazador kwa karne mbili, kazi yake kuwatongoza watu na kuwapeleka wakaliwe. Anakuja kitandani kwako mapema, na mwenye haraka atadhani ameshinda. Kisha mnafika kwenye ngome ya Moonrise Towers, mnamkuta mfanyabiashara wa damu aitwaye Araj Oblodra. Mama huyu ana hamu moja, kung'atwa na mnyonya damu. Akipata anachotaka atakupa dawa inayoongeza nguvu za mwili kwa 2, ya kudumu. Mchezaji yeyote anajua 2 ya kudumu ni mali. Astarion anakataa. Gemu inakupa nafasi ya kumsukuma: si mng'ato mmoja tu, jamani?

Mara ya kwanza nilimsukuma. Nilikuwa nahesabu nguvu. Aling'ata, damu ile ilimchafua tumbo, na nilipokuja kuzungumza naye nikaelewa nilichofanya: nilimwuza mwili wake kwa faida yangu, kama alivyokuwa akifanya Cazador. Ukimwacha akatae, baadaye anakujia na kukiri kwamba kukutongoza kwake kulikuwa mpango wa kujilinda, na kwamba sasa hajui afanye nini maana amekupenda kweli. Hapo ndipo penzi linaanza, tena unaweza kumwambia mkae tu bila kitanda, naye akashukuru. Dawa ile sijaionja tena. Na mwisho wa hadithi yake kuna jaribu kubwa zaidi, ibada itakayompa uwezo wote kwa roho za watu 7,000 ambao Cazador anawashikilia utumwani. Ukimhimiza aifanye, anabaki na wewe, lakini utaona mwenyewe nani kawa Cazador.

La Shadowheart linakwenda kinyume na mazoea yetu wachezaji. Yeye ni mfuasi wa Shar, mungu wa giza na hasara, na kule Shadowfell, ulimwengu wa kivuli, anafika na mkuki mbele ya mfungwa anayetakiwa kumwua. Mkono wako unataka kubofya, umshawishi, urushe dadu. Kama mmejengana vya kutosha, mwachie. Mwambie unamwamini, au nyamaza. Atautupa mkuki mwenyewe. Nimelicheza tukio hilo kwa kumsihi na kwa kunyamaza, na la pili lina uzito ambao la kwanza halina, maana huyu mtu ameamuliwa mambo yake na wengine tangu utotoni. Ila hakikisha unakwenda naye. Kwenda pale bila yeye ni kumvunjia heshima asiyoweza kuisamehe.

Karlach ndiye ninayempendekeza kwa anayetaka penzi la polepole, ingawa kila kitu kinaonyesha yeye ndiye mwenye pupa. Kifuani ana injini ya kuzimu badala ya moyo, baada ya miaka 10 ya kupigana vita vya Avernus, huko huko kuzimu. Anawaka. Ukimgusa unaungua. Kwa hiyo mnapendana kwa mbali huku mnatafuta chuma cha kuzimu na fundi wake, Dammon, ambaye unamkuta kwanza Emerald Grove, kisha kwenye nyumba ya wageni ya Last Light Inn. Matengenezo ya kwanza hayatoshi. Ya pili ndiyo yanayomwezesha kuguswa, na kile kicheko chake cha kukumbatiwa mara ya kwanza kimenifanya nimsamehe kila mwandishi wa gemu aliyewahi kunichosha. Mtunze Dammon. Akifa, hakuna fundi mwingine.

Lae'zel anaanza na mwili na kumalizia na moyo, akipitia kukutaka mpigane. Kati ya hao wote kuna wasiokubali kuchangia mpenzi na mwingine, hivyo ukichezea wawili utaulizwa uchague, na Halsin akija na moyo wake mpana wengine watakubali na wengine watafunga mlango. Wyll ana ngoma nzuri ya kucheza naye usiku na posa ya kistaarabu, lakini nasema wazi: hadithi yake iliandikwa fupi kuliko ya wenzake, na anastahili zaidi. Na mnaoniuliza kama Jaheira naye anapendeka, msiniulize tena. Katika Baldur's Gate II ya mwaka 2000 aliyecheza mwanamume aliweza kumpenda, naye akiwa mjane wa juzi. Sasa ni mama mtu mzima mwenye maneno makali na nyumba imejaa watoto wa kulea, na hapendeki kwa njia hiyo. Mchukueni kwa ajili ya maneno yake. Yanatosha.

Wiki hii nimeanza safari ya saba. Nimemchukua Karlach, Wyll na Lae'zel, na Withers sijamlipa hata senti. Hatuna wa kufungua kufuli. Tunavunja milango kwa shoka.