Komiki kubwa, bei kubwa: uliza kwanza imetolewa kwenye nini

Kila nikiweka picha ya rafu yangu mtandaoni, swali ni lile lile: kwa nini ulipe hela ndefu kwa kitabu ambacho toleo lake la jalada laini linapatikana kwa bei ndogo tu, na hadithi haijabadilika hata neno? Swali ni la haki. Na kwa vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina la "toleo la kifahari", jibu langu ni kwamba usinunue. Jalada gumu, kasha na utepe wa kualamishia ukurasa ni mapambo. Mimi nikishika toleo kubwa najiuliza jambo moja: huu ukubwa umetoka wapi?

Komiki ya kawaida ya Marekani ina upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26. Mchoraji hakuichora kwa kipimo hicho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi wao huko wamekuwa wakichorea karatasi ngumu ya inchi 11 kwa 17, yaani kama sentimita 28 kwa 43, na zamani zaidi ya hapo karatasi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo karibu kila komiki unayoishika imeshapunguzwa. Mistari myembamba iliyochorwa kwa nibu imebanwa, na ile iliyokaribiana sana imeungana ikawa doa jeusi. Toleo kubwa lililofanywa kwa uangalifu huwa halijakuza chochote. Limepunguza kidogo kuliko lilivyopunguza toleo la kwanza.

Hapo ndipo thamani ilipo, na hapo hapo ndipo watu wanapopigwa. Mchapishaji akiwa na filamu nzuri za zamani za uchapaji (si za sinema), au skani safi za mchoro wenyewe, mstari unatoka mkali. Akichukua faili iliyoandaliwa kwa kitabu kidogo akaivuta, kingo za wino zinakuwa kama zimelowa maji. Ukitaka kupima, usiangalie sura za wahusika, maana rangi inaficha mengi. Angalia herufi ndani ya viputo vya maneno. Herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe haina pa kujificha: kama imefifia pembeni, rudisha kitabu kwenye kasha lake.

Matoleo makubwa yaitwayo Absolute, ya kampuni ya komiki ya Marekani DC, yalianza mwaka 2002 na The Authority, na yana kama sentimita 21 kwa 32. Bado hujafikia kipimo cha mchoraji, ila jicho linapata nafasi. Mfano ninaoupenda ni Absolute Watchmen ya mwaka 2005. Mchoraji wake, Dave Gibbons, aliigawa sehemu kubwa ya hadithi ile katika fremu tisa kwa ukurasa, na nyuma ya wahusika akajaza vichwa vya magazeti, mabango na maandishi ya ukutani ambayo ni sehemu ya hadithi yenyewe. Katika toleo dogo unayapita tu. Katika toleo kubwa unayasoma bila kukunja uso. Aliyepaka rangi tangu mwanzo, John Higgins, alizirudia na kuzisahihisha kwa kompyuta kwa ajili ya toleo hilo, kwa hiyo waliofanya kazi hawakuwa wageni kwenye mchoro.

Suala la rangi ni zito kuliko wengi wanavyodhani. The Killing Joke, hadithi ya Batman na adui yake Joker, ilipotoka mwaka 1988, Higgins huyo huyo aliipaka rangi kali: machungwa, zambarau, njano ya kuumiza macho. Toleo la kifahari la mwaka 2008 lilipakwa upya na mchoraji mwenyewe, Brian Bolland, kwa rangi za baridi na kijivu. Na sehemu za kumbukumbu za zamani zimeachwa bila rangi, isipokuwa kitu kimoja kimoja chenye wekundu kinachokuvuta jicho. Mchoro ni ule ule, lakini unasoma kitabu kingine. Wapo wanaosema mchoraji ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi naona rangi za Higgins zilikuwa na wazimu ambao hadithi ile inauhitaji, na za Bolland zina adabu kupita kiasi. Ndiyo maana ninavyo vyote viwili. Jambo la kushika ni kwamba "kifahari" inaweza kumaanisha "iliyobadilishwa", na jalada huwa halikwambii hilo kwa sauti.

Ukitaka kipimo kamili cha mchoraji, nenda kwenye Artist's Edition. Mfululizo huo uliasisiwa na mhariri Scott Dunbier katika kampuni ya IDW, ukaanza mwaka 2010 na The Rocketeer ya Dave Stevens. Ukurasa wa kitabu ni inchi 12 kwa 17, kwa hiyo mchoro umechapwa kama ulivyokuwa mezani. Utamu wake ni kwamba mchoro ni mweusi na mweupe, lakini umepigwa skani ya rangi. Kwa hiyo unaona penseli ya bluu iliyobaki chini ya wino. Unaona wino mweupe uliofunika kosa, umevimba kidogo juu ya karatasi. Unaona viputo vilivyokatwa na kubandikwa, gundi yake imegeuka njano, na maelekezo yaliyoandikwa pembezoni. Hata eneo jeusi tupu si jeusi moja: unaona mahali brashi ilipopita mara ya pili. Kwa kusoma hadithi, kitabu hiki ni usumbufu mtupu, na rangi za hadithi humo hazimo. Kwa mtu anayechora, ni kama kusimama nyuma ya bega la fundi.

Wachapishaji Taschen wamekwenda njia nyingine kabisa. Maktaba yao ya komiki za kampuni ya Marvel, iliyoanza mwaka 2021 na Spider-Man ya 1962 hadi 1964, ina kurasa za sentimita 28 kwa 39.5, lakini chanzo chake ni komiki za zamani zenyewe zilizotunzwa vizuri, zikafunguliwa na kupigwa picha, kisha kasoro za uchapaji zikasafishwa. Hapa kweli kuna kukuza. Vitone vya rangi vilivyochapwa kwenye karatasi ya bei rahisi vinakuja mbele yako vikubwa. Wengine wanachukia. Mimi nadhani Steve Ditko, mchoraji wa Spider-Man hiyo, anafaidika, kwa kuwa rangi zile zilichaguliwa kwa ajili ya karatasi ile, na matoleo mengi ya kisasa yanayozipaka upya kwenye karatasi inayong'aa huzifanya zionekane kama pipi.

Wa zamani kuliko hao wote ndio wenye hoja nzito ya ukubwa. Little Nemo ya Winsor McCay, hadithi ya mtoto na ndoto zake, ilianza kutoka Oktoba 1905 katika New York Herald, ukurasa mzima wa gazeti la Jumapili. Mwaka 2005, Sunday Press ya Peter Maresca ilikusanya kurasa hizo katika kitabu cha inchi 16 kwa 21, kipimo kile kile cha gazeti. Chukua ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908. Kitanda cha Nemo kinaota miguu mirefu na kuondoka kutembea juu ya mapaa ya mji, na fremu zenyewe zinarefuka pamoja na miguu ya kitanda. Ukiupunguza ukurasa huo hadi kipimo cha kitabu cha kawaida, unaelewa mzaha. Ukiuona kwa ukubwa wake, shingo inainuka kufuata kitanda.

Wasomaji wa Kongo na wa Ulaya huniambia haya yote ni matatizo ya Wamarekani, na wana haki. Albamu ya kawaida ya Ubelgiji au Ufaransa ni kama sentimita 24 kwa 32, yaani inalingana na Absolute au inaizidi. Madame Livingstone ya Mkongo Barly Baruti, iliyotolewa na Glénat mwaka 2014, inahusu Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani Graf von Götzen, hiyo hiyo ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Ziwa lile limechorwa kwa nafasi tangu toleo la kwanza. Hakuna sababu ya kusubiri kasha.

Sasa mgongo wa kitabu, ambao ndio unaoua matoleo mengi manene. Zile Omnibus za Marvel, vitabu vinavyokusanya matoleo mengi pamoja, zilizoanza mwaka 2005 na Fantastic Four, mara nyingi zinapita kurasa 700. Kitabu kama hicho kisipofunguka vizuri, picha ya kurasa mbili inazama katikati, na nusu ya uso wa mtu inapotelea ndani. Kabla ya kulipa, tazama mgongo kutoka juu. Kurasa zilizoshonwa kwa uzi zinaonekana kama vifungu vidogo vilivyokunjwa. Zilizogandishwa kwa gundi tupu zimekatwa zikawa sawasawa. Kitabu kipya usikifungue katikati kwa nguvu. Kilaze, fungua kurasa chache za mwanzo uzibonyeze taratibu karibu na mgongo, kisha chache za mwisho, uende hivyo kwa zamu hadi ufike kati.

Kuhusu bei sina mengi. Toleo lililokwisha sokoni hupanda, mchapishaji akitangaza kulirudia hushuka, na aliyenunua ili aje auze hubaki na mzigo wa kilo kadhaa. Kwetu huku usafiri peke yake unaweza kukaribia bei ya kitabu, kwa hiyo agizeni pamoja, na pembe za kasha zikaguliwe mbele ya aliyeleta.

Kwa walioko Tanga, Mombasa au Unguja: toeni ile plastiki ya dukani. Ikifunika kitabu kwenye hewa yetu, unyevu unafungwa humo na ukungu unaanzia kwenye kitambaa cha jalada. Rafu iachane na ukuta kidogo, miguu yake ikaguliwe mchwa, na vitabu vya kwenye kasha vitolewe mara kwa mara vipate upepo, ila visipigwe jua. Kitabu kizito kikisimama muda mrefu bila jirani wa kukibana, kurasa zake zinavuta chini na kung'oka taratibu kutoka kwenye jalada. Vile vikubwa kabisa, vya Taschen na vya McCay, nalaza bapa, kikubwa kikiwa chini, na juu yake siweki zaidi ya viwili.