Acheni kuweka bolti ngumu mahali pa shia pini

Wiki iliyopita nimeitwa tena kiwandani, kisa kilekile cha shia pini, ile pini au bolti laini inayopitisha nguvu ya mota kwenda kwenye mashine. Skrubu konveya (mashine inayosukuma mzigo kwa skrubu ndefu inayozunguka) imesimama, giaboksi inasaga kama ina kokoto ndani, na fundi wa zamu ananiambia kwa kujiamini kabisa, "Injinia, ile pini ilikuwa dhaifu, kila siku inakatika, nikaitoa nikaweka bolti ya maana." Nikafungua kava. Bolti ya maana ipo pale pale, nzima, kichwani imeandikwa 12.9, yaani daraja la uimara wa chuma chake, haina hata mkwaruzo. Gia ndio haina meno matano na shafti imepinda. Nimerudi nyumbani nikasema leo naandika, maana nimechoka kueleza hiki kitu kwa mtu mmoja mmoja.

Shia pini kazi yake ni kukatika. Narudia, KAZI yake. Aliyechora ile mashine alikaa akajiuliza, siku chuma kikiingia kwenye mzigo konveya ikakwama huku mota bado inasukuma, nguvu itaenda wapi? Lazima kitu kiachie. Akachagua kiachie kitu ambacho fundi anakibadilisha kwa dakika 10 na spana moja. Wewe ukikikaza hicho, hujaondoa kuvunjika, umehamishia kuvunjika huko kwenye gia.

Hebu tupige hesabu kidogo. Pini ya milimita 6 ina eneo la milimita za mraba 28 hivi. Bolti ya 4.6, ile 4 ya mwanzo inakwambia chuma chake kinavutwa mpaka MPa 400 (nyutoni 400 kwa kila milimita ya mraba) ndio kinakatika, na kwa kukatwa kwa ubavu tunachukua kama asilimia 60 ya hapo, yaani 240. Zidisha unapata karibu kilonyutoni 6.8. Sasa weka 12.9, chuma cha MPa 1200, hesabu ileile inakupa kilonyutoni 20 na ushee. Mara tatu! Kwa mkono ni bolti zinazofanana, urefu uleule, unene uleule, spana ileile, tofauti ni hizo namba mbili kichwani, na hapo tayari umeiambia gia na kii (kile kipande kinachofunga gia kwenye shafti) na mnyororo vibebe mara tatu ya vilichopangiwa bila kuviongezea unene hata wa unywele.

Sasa nije kwenye kile kinachonikera zaidi, maana hata mainjinia wenzangu wanakipita haraka. Fundi akisema "inakatika kila siku" mara nyingi hasemi uongo. Inakatika kweli. Ila hakuna anayeangalia thredi, ile mistari ya kuzungushia nati! Bolti ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, pale ambapo hakuna thredi ina hiyo milimita za mraba 28, lakini kwenye thredi tunahesabu 20 tu. Kwa hiyo mtu akichukua bolti yenye thredi mwanzo mpaka mwisho, thredi ikaangukia pale inapokatwa, ile 6.8 inashuka mpaka 4.8, na hapo mashine ikiwashwa tu na mzigo wa kawaida, pap, imekatika. Halafu anayekuja anaona "4.6 haifai", anarukia 8.8, ikikatika tena anarukia 12.9, wakati alichohitaji ni bolti ileile ya 4.6 yenye shingo nyororo, isiyo na thredi, ndefu kidogo. Kosa la thredi linatibiwa kwa kosa la chuma.

Na tundu. Tundu likishakuwa yai, pini haikatwi tena kama kwa mkasi, inapindwa kwanza, mashine ikiwashwa inagongwa huku, ikizimwa inagongwa kule, na chuma kinachogongwa hivyo kinachoka. Hapa niseme ukweli ambao vitabu vinaupaka rangi: uchovu wa pini siuwezi kuutabiri vizuri. Naweza kukupigia hesabu ya mzigo wa kuikata mara moja, lakini ukiniuliza pini hii inayowashwa na kuzimwa mara 40 kwa siku itafika mwezi wa ngapi, nitakupa makisio, kisha nitakwambia tuibadilishe kwa ratiba kabla haijajikatikia. Hata ile nafasi ya kuacha kati ya nguvu ya pini na nguvu ya gia, huwa naanza na hesabu halafu naishia kwa kujaribu mashine yenyewe ikiwa na mzigo. Nimeshawahi kuchagua pini laini mno nikasimamisha kazi ya watu, na nimeshawahi kuchagua ngumu mno.

Imani hiyohiyo ya kwamba kigumu ndio bora ikitoka kiwandani inapanda gari. "Magari ya zamani yalikuwa chuma, haya ya siku hizi ukiyagusa yanabonyea." Ndio, yanabonyea, na yamebuniwa yabonyee! Béla Barényi wa Mercedes-Benz alipeleka ombi la hataza (haki ya mvumbuzi) ya wazo hilo mwaka 1951: katikati wanapokaa watu pawe pagumu, mbele na nyuma pakubali kukunjamana. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likagonga ukuta. Kama mwili wako unasimamishwa ndani ya sentimita 10, unapata karibu mara 98 ya uzito wako. Ukisimamishwa ndani ya sentimita 60, ni kama mara 16. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni tofauti ya tani 7 na tani 1 na kitu kidogo. Hizo sentimita 50 za ziada zinatoka wapi? Zinatoka kwenye boneti iliyobonyea ambayo wewe unaiita bati.

Ila hesabu hiyo inataka uwe umefunga mkanda, bila mkanda gari linasimama taratibu na wewe unaendelea na mwendo wako uleule mpaka ukutane na usukani. Mkanda wa pointi tatu ni kazi ya Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959, kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege kule Saab, na Volvo wakaiachia hataza watengenezaji wengine waitumie. Na anayebishana nami kuhusu magari ya zamani namwelekeza jaribio la IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, la mwaka 2009, Chevrolet Bel Air ya 1959 waliigongesha na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa. Kwenye Bel Air chumba cha dereva ndicho kilichobonyea. Chuma kilikuwepo kingi tu, hakikuambiwa kibonyee wapi.

Nguzo za taa barabarani nazo zina shia pini yao. Kuna aina inakaa kwenye sahani mbili za chuma zilizobanwa kwa bolti zilizo kwenye matundu yaliyo wazi upande mmoja. Gari likigonga, sahani ya juu inateleza, bolti zinachomoka, nguzo inapita juu ya gari. Kinachobaki ardhini kisizidi milimita 100 ili kisichane tumbo la gari. Sasa anakuja mtu na spana ndefu, anaona bolti "hazijakaza vizuri", anazikaza kwa uzito wake wote. Kwa macho kazi yake ni nzuri mno! Lakini sahani haziwezi tena kuteleza, amerudisha nguzo ya kawaida inayosimamisha gari ghafla. Zile bolti zina kipimo chao cha kukazwa, kisizidi, na kisipungue pia maana upepo utaitembeza nguzo mpaka ianguke. Wala sisemi kila nguzo iwe hivyo, mahali penye watu wengi wa miguu nguzo inayoruka inaweza kuua zaidi ya iliyosimama, hapo unaamua kwa kuangalia nani yuko karibu.

Kwenye michezo mfano ninaoupenda ni ringi ya mpira wa kikapu. Mwaka 1979 Darryl Dawkins alivunja mbao mbili za kioo kwenye NBA kwa kudanki, wiki chache tu kati ya moja na nyingine. Jibu la haraka la watu wetu lingekuwa kioo kinene na ringi nene zaidi. Arthur Ehrat, mtu wa maghala ya nafaka kule Illinois, alikuwa tayari amefikiria kinyume: akachukua springi ya jembe la trekta la John Deere akaifunga nyuma ya ringi, ukining'inia inashuka, ukiachia inarudi mahali pake, hataza akapata mwaka 1982. Na hii ni bora kuliko pini kwa sababu haikatiki, inajirudisha yenyewe. Kiwandani tuna ndugu yake, kaplingi (kiungo cha shafti mbili) yenye springi na mipira ya chuma inayoruka mzigo ukizidi halafu unairudisha, na mahali panapokwama mara kwa mara ndiyo ninayoshauri badala ya pini.

Helmeti ya baiskeli nayo hivyohivyo, foamu yake ikishabanwa kwenye ajali moja imemaliza kazi, usiivae tena hata kama nje inang'aa.

Sasa pini ikikatika, kabla hujagusa boksi la bolti, okota vile vipande uviangalie kwenye mwanga. Kama uso wa mkato umelala upande mmoja, umepakazwa kama siagi iliyokatwa kwa kisu, ilizidiwa mara moja, nenda katafute kilichokwama. Kama uso huo una mistari ya duara duara na sehemu moja imekuwa nyeusi au ina kutu na nyingine mpya, hiyo ilianza kupasuka siku nyingi, angalia tundu na kaplingi. Kama unaona thredi kwenye mkato, umeshajua.

Yule fundi tulifanya hivyo naye. Vipande vya zamani alikuwa amevitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, tukachambua tukapata kumi na moja, tisa vina thredi kwenye mkato. Akavishika muda mrefu bila kusema. Halafu akaniuliza bolti yenye shingo nyororo inaagizwaje, nikamwandikia kwenye kava ya mashine kwa rangi nyeupe: M6, 4.6, shingo milimita 30.