Acha kumwambia mtoto "funzo la hadithi hii ni…"

Sisi tunaosomesha watoto nyumbani tuna ugonjwa mmoja, kila kitu tunakigeuza kipindi. Hata stori ya sungura na kobe ambayo wengine tulisimuliwa gizani huku usingizi unatuchukua, leo tumeiwekea saa, maswali matano, na mstari wa mwisho wa kujaza funzo. Mi mwenyewe nimefanya hivyo karibu mwaka mzima kwa hiyo hapa sijapanda juu ya mti kuwachekeni, nimeshaanguka tayari. Haya ndo niliyokuwa naamini.

"Hadithi bila funzo mwishoni haijaisha"

Hii ndo ilinikaa sana. Sasa angalia, huyo Aesop anayesemekana aliishi Ugiriki karne ya 6 kabla ya Kristo, tena mtumwa, hajaacha hata ukurasa mmoja alioandika kwa mkono wake. Hadithi zinazobeba jina lake zimekusanywa na kuandikwa na watu waliokuja baadae sana, na yale mafunzo ya mwishoni mengi yamebandikwa na hao hao wakusanyaji, ndo maana hadithi ileile kitabu hiki kina funzo hili na kitabu kile kina lingine kabisa.

Afu kuna ishu ya umri. Mtoto wa miaka 5 au 6 anashika kilichotokea, ile picha kubwa ya "hii inahusu uaminifu" inachelewa. Nilimsomea binti yangu ile ya mchunga kondoo aliyekuwa anapiga kelele za uongo kwamba mbwa mwitu amekuja, nikafunga kitabu, nikauliza kwa sauti ya ualimu, haya umejifunza nini? Akafikiria weee, akasema, "Kwa nini walimwacha peke yake na yeye ni mtoto?" Nikamwambia hapana, funzo ni tusiseme uongo. Akasema sawa mama. Ile "sawa mama" ndo ilinistua, maana alikuwa na swali zuri kuliko jibu langu na nimelizima mimi mwenyewe.

Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923 na ambaye wazazi wengi wa kusomesha nyumbani bado wanafuata njia yake, alitaka mtoto akishasomewa aisimulie stori kwa maneno yake, na mwalimu ajizuie kuhubiri. Nimejaribu. Ugumu wake ni kunyamaza tu, yaani unamsikia anaruka sehemu unayoiona muhimu na ulimi unakuwasha.

"Mtoto akiona muongo ameliwa na mbwa mwitu ataacha uongo"

Hapa kuna utafiti wa 2014, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Kang Lee, watoto 268 wa miaka 3 mpaka 7. Mtoto anakaa, kichezeo kimewekwa nyuma yake, anaambiwa asigeuke, mtu mzima anatoka chumbani (wengi wanageuka bwana, we ungefanyaje). Akirudi anamsomea stori, halafu anamuuliza, uligeuka? Waliosomewa ya mchunga kondoo na waliosomewa ya Pinocchio, yule mwanasesere wa mbao anayerefuka pua akidanganya, hawakuwa wakweli kuliko waliosomewa sungura na kobe, ambayo haina habari ya uongo kabisa! Iliyosaidia ni ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa mdogo akakata mti wa baba yake akakiri na baba akafurahi kwa ukweli wake. Na watafiti walipobadilisha mwisho ili iwe ya mabaya yanayompata muongo, nayo ikaacha kufanya kazi.

Kwa hiyo kilichowavuta watoto ni kuona ukweli unapokelewa vizuri, hofu haikufanya chochote. Kichekesho ni kwamba hiyo stori ya mti yenyewe inahesabika ni ya kutungwa, mchungaji mmoja wa kanisa aitwaye Weems aliipenyeza kwenye kitabu chake toleo la 1806.

"Mtoto atajiweka upande wa mwema tu"

Thubutu. Mwanafalsafa Rousseau alishalalamika mwaka 1762, kwamba mtoto ukimsomea kunguru na mbweha anamcheka kunguru na kumpenda mbweha, maana mbweha kamsifia kunguru mpaka kafungua mdomo, jibini likaanguka, kaondoka nalo. Na kwenye ile ya chungu na nyenje, mtoto anajifanya chungu, anajifunza kumnyima mwenye njaa na kumsimanga juu. Mwanafalsafa mwenzake John Locke kabla yake, 1693, alikuwa amezisifia hizohizo hadithi za Aesop kwamba zinamfaa mtoto anayeanza kusoma. Mi naona wote wawili walikuwa na haki, ila Rousseau alikata tamaa mapema. Halafu huyo chungu tunayempamba kuna hadithi nyingine ya kale iliyohesabiwa ya Aesop inayosema zamani alikuwa binadamu, mkulima aliyekuwa anaiba mavuno ya majirani, akageuzwa mdudu na tabia akabaki nayo. Wasomee zote mbili siku moja uone mabishano.

Kwetu kijana wangu wa miaka 4 alikuwa mbweha kabisa, kunguru mjinga, kunguru mjinga, wiki nzima. Sikumrekebisha. Siku ya siku dada yake akamjia taratibu, gari lako zuri, na wewe sa hivi umekuwa mkubwa sana, wakubwa wanaazima wenzao si ndio? Kampa. Dada kapotea na gari mpaka jioni. Kijana alikuja kwangu analia, kamasi mpaka kidevuni, "Mama, amenifanya kunguru!" Sasa hapo nilikuwa na kesi mbili, wa kumfuta machozi na wa kumuuliza taratibu kama gari la kulaghai linachezeka vizuri. Dada alirudisha usiku, kwa kununa.

"Wanyama ndo wanafundisha vizuri kuliko watu"

Si lazima. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto waliwasomea watoto wa miaka 4 mpaka 6 stori ya kugawana, wengine wahusika wakiwa watu, wengine wakiwa wanyama waliovaa nguo. Halafu watoto wakaangaliwa wangemgawia mwenzao stika ngapi. Waliosomewa ya watu ndo waliongeza kugawa, wa wanyama hawakuongeza. Ila kati ya hao wa wanyama, waliomwona mnyama anafanana na mtu walikuwa wakarimu zaidi. Hiyo kwangu haimaanishi nimfukuze fisi nyumbani, namhitaji, ila mtoto anahitaji kuvushwa kutoka kwa fisi mpaka kwake. Mi natumia swali moja mezani, nani leo alikuwa fisi, na naanza na mimi. Siku niliyokiri nimejificha na simu wakati nimesema nina kazi, walinyamaza wote, kisha wakaanza kukiri yao kwa kushindana.

"Akijua kusoma mwenyewe, mwache" Hapana, masikio yanatangulia macho kwa miaka kadhaa, anaelewa stori ngumu akisikia kuliko anayoweza kuisoma peke yake.

"Kurudia hadithi ileile ni kupoteza muda" Wanaochoka ni sisi. Mara ya kwanza anafuata tukio, akisomewa tena na tena ndo maneno mapya yanamkaa na anaanza kuuliza "kwa nini". Binti yangu kwa yule mchunga kondoo tulifika mara ya tisa au kumi hivi, na jana usiku kabla sijafungua kitabu akaniuliza mama, kwani wale watu wa kijijini walijuaje kwamba ile mara ya mwisho ni uongo tena? Nimeshindwa kujibu, tutaisoma tena leo.