Vipele vya mwenzi vinavyorudi kinenani: ni ugonjwa wa zinaa?

Mume wangu hutokwa na vipele kinenani karibu kila mwezi. Vinapona, vinarudi. Shoga yangu ananiambia huo ni ugonjwa wa zinaa. Ni kweli?

Kurudi peke yake hakuthibitishi kitu. Kabla ya kumfikiria mwanamke mwingine, ufikirie wembe. Hapa Tanga, kama mwambao mzima, watu wengi hunyoa kinena kwa sunna, zisipite siku arobaini. Nywele za kipilipili zikikatwa sambamba na ngozi, ncha hubaki kali, hujikunja na kuchoma ngozi upya, na mwili huipiga vita kama unavyoupiga mwiba. Siku mbili tatu baadaye vipele vimejaa, kila kimoja na unywele katikati, vingine na kichwa cha usaha. Joto la kaskazi, jasho, chupi ya nailoni na kiti cha baiskeli huzidisha, na mji wetu kwa baiskeli haujambo.

Chukueni kalenda. Andikeni siku aliyonyoa na siku vipele vilipoanza. Kama mara tatu mfululizo vimefuata wembe, mnajua pa kuanzia. Vikija bila kunyoa, tena palepale pa siku zote, hapo sababu ni nyingine.

Nikivitazama, nitavijuaje?

Cha wembe kina unywele, kinawasha, na hutapakaa popote wembe ulipopita.

Malengelenge ya sehemu za siri huanza kwa kuchonyota au kuwaka moto mahali pamoja, saa chache hadi siku moja kabla. Kisha hutokea vilengelenge vidogo vya maji vilivyosongamana, hupasuka na kuacha vidonda vyepesi vinavyouma, hasa mkojo ukigusa. Mara ya kwanza huweza kuambatana na homa na mitoki, na kuchukua wiki mbili hadi nne. Vikirudi huwa vichache, na hukauka ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Kaswende ndiyo yenye hila. Kidonda chake mara nyingi ni kimoja, kigumu pembeni, hakiumi, na hupona chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita huku ugonjwa ukibaki mwilini. Baadaye huweza kuleta vipele visivyowasha hadi viganjani na kwenye nyayo. Ukiona vipele viganjani, usingoje kalenda.

Masundosundo ni vinyama vinavyoota kama koliflawa, haviji na kuondoka kila mwezi. Ugonjwa wa upele, ule wa wadudu wa ngozini, huwasha usiku, huingia katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na mara nyingi watoto nao wanajikuna. Kuna pia vivimbe vidogo ving'aavyo vyenye kishimo katikati. Hivyo huambukiza kwa kugusana ngozi, kitandani au hata kwa taulo.

Na vile vidoto vyeupe visivyobadilika miaka nenda rudi? Aghalabu ni tezi za mafuta tu, kila mtu anazo.

Sasa hivi vimepona. Tukapime hivyohivyo?

Damu ndiyo. VVU na kaswende hupimwa kwa tone la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Lakini kama mtu ameambukizwa wiki hii, kipimo huweza kutoonyesha. Rudieni baada ya miezi mitatu. Jueni pia kwamba kipimo cha haraka cha kaswende huweza kubaki chanya hata kwa mtu aliyekwisha kutibiwa zamani, kwa hiyo mwambieni mhudumu historia yote.

Vipele vyenyewe havisomeki vikishapona. Vikitokea tena, nendeni ndani ya siku mbili, zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Asivitumbue wala asipake kitu asubuhi hiyo. Kama ni usiku, apige picha kwa simu yake mwenyewe penye mwanga mzuri.

Dukani nimeuziwa tyubu inayotibu "fangasi, bakteria na muwasho". Ilisaidia, vikarudi vikali.

Tyubu nyingi za mchanganyiko zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hutuliza wekundu kwa siku chache huku zikidhoofisha ngozi na kuupa ugonjwa nafasi ya kuenea, na mhudumu akija kuangalia hakuti sura halisi. Acheni. Ndimu, chumvi na dawa ya kufanyia usafi navyo huunguza tu.

Ikithibitika ni malengelenge, si ndiyo ametoka nje?

Hapana, haithibitishi hivyo. Virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka, na anaweza kuwa alivipata kabla hamjajuana. Wewe pia unaweza kuwa navyo bila kuona kipele, na aina inayoleta vidonda vya midomoni hufika huku chini kwa njia ya mdomo. Dawa haiving'oi, bali hufupisha siku za maumivu. Kwa vinavyorudi, dozi mojawapo inayotumika ni ya dawa iitwayo asikloviri, miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku tano, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku ya kwanza ya kuchonyota. Ukiwa mjamzito mwambie mkunga mapema, kwa sababu kuambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ni hatari kwa mtoto.

Na kama ni wembe tu?

Asinyoe hadi ngozi itulie. Kisha apunguze kwa mkasi au mashine na kuacha kama milimita moja. Kama kupunguza tu kunatosha kwa sunna, muulizeni shekhe. Akishika wembe, uwe mpya na wake peke yake. Alainishe kwa maji ya vuguvugu dakika tano, apake povu, afuate nywele zilikolalia, asivute ngozi, asipite mara mbili palepale. Amalizie na maji baridi na chupi ya pamba. Unywele uliozama asiuchimbe kwa pini.

Majipu yanayorudi kinenani na kwapani, yakiacha makovu na vijishimo vinavyovuja, ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji daktari. Hauambukizi.

Wakati tunangoja majibu, tukutane?

Penye kidonda au lengelenge, hapana, hata kwa kondomu, maana kondomu haifuniki kinena wala mapaja. Ngozi ikiwa safi, tumieni kondomu hadi majibu ya wote wawili yatoke. Akitibiwa kaswende peke yake, anaweza kuipata tena kutoka kwako.