Saruji haiimarishi ukuta wa chokaa

Jengo la kale la chuo Mombasa likitakiwa liwe madarasa ya kisasa, ushauri wa kwanza huwa uleule: pigeni plasta ya saruji, ukuta upate nguvu. Si kweli. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma hadi imeguke, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuona. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kwa sababu boriti ndizo zinazobeba sakafu ya juu.

Bandueni saruji kwa patasi na nyundo, kisha ukuta uachwe ukauke, hata miezi kadhaa. Plasta mpya ni chokaa iliyoloweshwa ndoo moja kwa mchanga uliooshwa ndoo tatu. Mchanga wa ufukweni haufai, una chumvi. Tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, la sivyo jua hulipasua. Malizieni kwa chokaa, si rangi ya plastiki.

Nyaya za intaneti na projekta zipite kwenye mabomba juu ya ukuta, bila kuuchimba. Maji ya viyoyozi yaelekezwe mbali na msingi.